Koti la Matroni Lilivyonyolewa

Mumewe alinyoa vichwa, yeye alinyoa masweta. Watu wa jengo lile walikuwa na mzaha wao: ukipanda ghorofa ya kwanza una nywele na una manyoya, utashuka huna hili wala lile. Kinyozi alikuwa na chumba chenye kioo kirefu na viti vya kuzunguka. Mkewe alikaa upande wa dirisha, kwenye meza aliyoitandika blanketi kuukuu, kwa kuwa kazi yake ilitaka mwanga kuliko ilivyotaka nafasi. Kila mtu alimwita Mama Wembe. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu, na huko halikumsumbua mtu.

Mji ule ulikuwa wa baridi, watu wakivaa sufu mwaka mzima. Na sufu ina tabia yake. Hata iwe nzuri vipi, ikisuguana na mkoba, na mkono, na kiti cha ofisi, nyuzi zake fupi huchomoza, hujisokota, zikawa vidonge vidogo kama punje za mtama. Watu husema nguo imeota upele. Mwenye sweta la upele huonekana fukara hata kama amelinunua juzi, na ndiyo maana Mama Wembe hakukosa kazi. Alilaza nguo juu ya blanketi, akaivuta kwa mkono wa kushoto mpaka ikanyooka bila kutanuka, kisha akaupitisha wembe ukiwa umelala, kwa mivuto mifupi, akifuata manyoya yanakoelekea. Vidonge vilikatika, vikakusanyika mbele ya wembe kama makapi, naye akavizoa kwa utepe wa gundi. Penye sufu laini mno aliweka wembe pembeni akashika kitana. Kwa makoti mazito alitumia jiwe jepesi lenye matundu, lile la kusugulia visigino. Alikuwa na kimashine cha betri pia, zawadi ya mwanawe mkubwa, lakini hicho alikiweka juu ya kabati kiwe pambo.

Neno moja aliwaambia wateja wote, wasikie wasisikie.

"Huu upele si uchafu. Ni nyama ya sweta lenyewe. Kila nikinyoa, nalipunguza. Kwa hiyo usiniletee kila wiki kama mtoto wa kliniki."

Alikuwa mcheshi, mwepesi wa maneno, mwenye kicheko cha kutoka tumboni. Aliyemwona akicheka asingedhani kwamba ndani yake alikuwa na chuki moja aliyoilea kwa miaka, akaipa chakula na kuipa maji, ikakua kuliko watoto wake.

Chuki hiyo ilizaliwa katika chumba cha udobi cha hoteli kubwa ya mjini, yeye akiwa bado msichana. Aliingia pale kama mkunja mashuka. Walipoona ana mkono mwepesi wakampa nguo za sufu za wageni. Msimamizi wa udobi alikuwa mwanamke mrefu, mnene wa mabega, mwenye sauti ya sufuria iliyodondoka sakafuni. Walimwita Matroni, ingawa hospitalini alikuwa hajawahi kuingia ila kwa kuumwa.

Siku moja ililetwa shali nyeupe ya mgeni, sufu tupu, nyepesi kama pumzi. Matroni akaipokea mwenyewe. "Za wageni wazito niachieni mimi," alisema, akasimama kwenye meza ya pasi mbele ya wote, akijionyesha. Mara simu ya ukutani ikalia. Akaenda kuipokea na pasi akaiacha imelala. Mazungumzo yakanoga. Msichana ndiye aliyeona moshi. Alikimbia, akainyakua ile pasi, lakini shali ilikuwa imeshakwisha: alama ya pasi, kahawia, katikati kabisa. Matroni alipogeuka alimkuta amesimama pale, pasi mkononi.

Wengine walikuwa wameinamia kazi zao; shahidi alikuwa mmoja tu, mpiga pasi wa suruali, mtu mzima mwenye familia kubwa. Aliona yote tangu mwanzo. Macho yake yalikutana na ya msichana, kisha akayashusha kwenye mkunjo wa suruali aliyokuwa akiipiga, akaukandamiza mkunjo ule kama vile maisha yake yalining'inia hapo.

Matroni hakumfukuza kimyakimya. Alimvisha ile shali shingoni, alama ikakaa kifuani mbele, akamshika mkono akamtembeza. Wakapita jikoni. Wakapita korido za vyumba, wakatokea mapokezi ambako wageni walikuwa wakinywa chai.

"Mtazameni mchomaji!" alipaza sauti. "Mwangalieni vizuri, msije mkamwajiri!"

Wapishi walicheka. Wageni waligeuza vichwa. Msichana alitembea akiangalia vidole vya miguu yake mwenyewe mpaka alipotupwa mlango wa nyuma, penye mapipa.

Jina likamtangulia kila alikokwenda. Alibisha hodi kwa madobi wote wa mji, na kabla hajamaliza salamu anaulizwa, "Wewe si yule Mchomaji?" Hakuna aliyemkabidhi hata leso. Lakini hayo angeyasamehe, pengine. Lisilosameheka lilikuwa la mama yake. Mama yule alikuwa amembembeleza jirani mwaka mzima ili binti apate kazi ile. Binti alirudi akamweleza ukweli wote, simu, moshi, pasi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa upole.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema. "Lakini siku nyingine uwe makini na pasi."

Hakuwahi kumgombeza, na hakuwahi kumwamini. Hata alipokuwa kitandani mwaka wake wa mwisho, amekonda, sauti imebaki nusu, akimwona binti anampigia pasi shuka lake alinong'ona, "Angalia usiunguze, mama." Akafa hivyo hivyo, akimpenda binti yake mzembe.

Wahenga walisema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Msichana yule aliolewa na kinyozi, akazaa, akanenepa kidogo. Siku moja ya uvivu alichukua wembe butu wa mumewe akanyoa upele kwenye sweta lake, na sweta likarudi ujana. Wateja waliokaa kungojea zamu wakavua na yao. Kazi ikaanzia hapo. Jina la Mchomaji likafa, la Mama Wembe likazaliwa. Yeye mwenyewe hakusahau kitu. Akiosha vyombo alitunga maneno ambayo angemwambia Matroni siku wakikutana. Akipanga foleni aliyapanga upya. Yalikuwa maneno mazuri, makali, yenye mpangilio.

Basi asubuhi moja ya mawingu sauti ilimfikia kabla ya mtu.

"Hapa ndipo kwa Mama Wembe?"

Maneno yote mazuri yalimtoka kichwani. Mlangoni alisimama Matroni, mvi zimemjaa, mabega yale yale, begani amelaza koti. Mama Wembe aligusa shingo yake, kana kwamba bado amevaa ile shali.

"Shikamoo, mama," ulimi ukasema wenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Mkono wako nimesifiwa na watu." Alimtazama usoni, macho kwa macho, kisha akatazama dirisha, na meza, na kiti cha kukalia. Uso wa Mama Wembe haukumwambia kitu. Kwake ulikuwa uso wa fundi.

Hilo lilimchoma Mama Wembe kuliko pasi yoyote. Yeye alikuwa ameishi na sura ya mwanamke huyu kila siku ya Mungu, na mwanamke huyu hakumjua hata kidogo.

Koti lilikuwa la sufu rangi ya damu ya mzee, refu mpaka magotini, halina bitana ndani, limekatwa lianguke lenyewe kutoka mabegani. Matroni alilitandaza kama anayemlaza mtoto mchanga. "Hili nilipewa na mke wa mwenye hoteli, kwa mkono wake. Mjini hapa halina pacha. Lakini ona linavyoniaibisha." Upele ulikuwa umetanda chini ya makwapa, kiunoni mkoba unapogusa, na mgongoni pote panapoegemea kiti.

"Niachie, mama. Upitie jioni."

Alipobaki peke yake na koti lile, wazo la kwanza lilikuwa rahisi. Mvuto mmoja wa wembe, kutoka kola mpaka pindo, basi. Akauinua wembe. Lakini akajizuia. Koti likichanwa mchana huu, aliyelichana atajulikana jioni. Mji mzima utasema Mama Wembe kaharibu koti la watu, na Matroni atapata tena mtu wa kumtembeza. Akashusha wembe, akanywa maji, akaanza kazi kama alivyoizoea. Akanyoa vizuri, kwa haki. Ila alipokuwa akibandua utepe wa gundi uliojaa manyoya mekundu, akayakusanya kiganjani, akayafinya, ndipo akili ilipomfunguka. Donge lile lilikuwa koti. Alikuwa amelishika koti la Matroni mkononi, kipande chake, na Matroni mwenyewe angekuja jioni kumshukuru.

Ndivyo ilivyokuwa. Matroni alilivaa, akajizungusha mbele ya kioo cha kinyozi, akapiga vigelegele. "Jipya! Jipya kabisa!"

"Mama," alisema Mama Wembe kwa sauti ya asali, "sufu hii ni ya aina yake. Usingoje upele ukomae. Uniletee mara kwa mara."

Kinyozi, aliyekuwa ameinamia kisogo cha mtu, aliinua kichwa. Alikuwa hajawahi kumsikia mkewe akimpa mteja ushauri ule.

Watu husema haba na haba hujaza kibaba. Mama Wembe aligundua kwamba haba na haba hukimaliza pia. Kila koti lilipokuja, alilisugua kwanza kwa jiwe, mgongoni na makwapani, mpaka nyuzi zilizokuwa salama zikasimama. Kisha akazinyoa. Akasugua tena, akanyoa tena, safari hii wembe ukienda kinyume cha manyoya. Mwisho akalifukiza kwa mvuke na kulichana kwa brashi, yale manyoya yaliyobaki yakavimba, koti likaonekana nene na changa. Kwa nje lilipendeza kila mwezi zaidi. Kwa ndani lilikuwa likiliwa.

Matroni akazoea. Akawa haondoki, anakaa kwenye kiti karibu na dirisha, anavua viatu, anapiga soga. Alikuwa karibu kustaafu na alihitaji mtu wa kumsimulia ukubwa wake. Siku moja, akinywa chai aliyotengenezewa na Mama Wembe, alianza kucheka peke yake.

"Siku hizi vijana hawashikiki," alisema. "Zamani ilikuwa rahisi. Kulikuwa na msichana mmoja mzembe, aliunguza nguo ya mgeni. Unajua nilimfanyaje? Nilimvisha hiyo hiyo nguo nikamtembeza hoteli nzima. Hata wapishi walishika mbavu!"

Mama Wembe hakuinua macho kwenye wembe. "Ni kweli aliiunguza yeye?"

"Eh, aunguze asiunguze, shauri yake. Mmoja akilia, wengine wote wananyooka." Akajipiga paja kwa furaha. "Udobi ulinyooka mwaka mzima!"

"Na yeye akaenda wapi?"

"Nani?"

"Huyo msichana."

"Nitajuaje, mwanangu? Wanakwenda wanakokwenda. Chai yako tamu, niongeze."

Akamwongeza. Alipoondoka akaliacha koti mpaka jioni, Mama Wembe alilisugua mpaka jiwe likaisha upande mmoja.

Mchana mmoja usio na wateja, kinyozi alilichukua koti mezani akaliinua dirishani.

"Naona barabara," alisema.

"Nini?"

"Naona barabara, naona muuza magazeti. Kupitia koti."

"Baba watoto, weka koti la watu chini."

Hakuliweka. "Huyu mama ndiye yule?" Kisa cha shali alikijua tangu enzi za uchumba, alikisikia hata kabla hajajua mchumba wake anapenda chakula gani.

"Ndiye."

Kinyozi akakaa kwenye kiti chake cha kuzunguka, koti mapajani. "Mke wangu, kila siku watu wananiinamishia shingo hapa, nami nina wembe. Wengine siwapendi. Kuna yule karani aliyemzungusha mdogo wangu mpaka akakosa nafasi ya chuo, namnyoa ndevu kila Jumamosi. Koo lake hili hapa. Namnyoa, namfuta povu, namwambia karibu tena. Si kwamba sina uchungu. Ni kwamba siku nikimkata mmoja kwa kusudi, wembe wangu utakuwa umekwisha kazi, hata kwa wale ninaowapenda."

"Wewe umewahi kuvishwa shali shingoni ukatembezwa?"

"Sijawahi."

"Mama yako alikufa akikuona mzembe?"

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Akanyamaza, maana alikuwa mtu wa amani. Lakini tangu siku ile Matroni akiingia, yeye alitoka. Alikwenda dukani kununua kitu asichokihitaji. Nyumba ikajaa viberiti.

Ikafika wiki ya Matroni kustaafu. Alikuja na koti, amechangamka kama bibi harusi. Hoteli ilimwandalia sherehe ya mchana katika ukumbi mkubwa, na watu wote wa udobi wangekuwepo, wa zamani na wa sasa.

"Nawe nakualika," alimwambia Mama Wembe. "Utakaa mbele, uone kazi ya mikono yako."

"Nitakuja, mama. Hilo siwezi kulikosa."

Alilinyoa kwa mara ya mwisho kwa mkono mwepesi sana, jinsi mtu anavyofuta vumbi kwenye utando wa buibui. Mgongoni palibaki kitu kama kivuli cha sufu. Akalichana, likavimba, likapendeza kupita siku zote. Alimwonya Matroni jambo moja tu: asilivae mpaka siku yenyewe, lisije likachafuka.

Siku hiyo Mama Wembe aliingia hotelini kwa mlango wa mbele. Mapokezi palikuwa na viti vipya na harufu ile ile ya nta ya sakafu. Alipita bila kusimama. Ukumbini meza zilitandikwa vitambaa vyeupe, na karibu na ukuta alikaa mzee mmoja mwenye fimbo, mikono yake ina makovu ya moto. Yule mpiga pasi. Mzee yeye alimtambua mara moja.

"Wewe ni yule binti," alisema.

"Ni mimi, baba."

Mzee akashusha macho, kama siku ile, ila sasa hapakuwa na suruali ya kuyashushia.

Hotuba zilikuwa ndefu. Meneja alimsifu Matroni kwa nidhamu. Akamkabidhi zawadi, saa kubwa ya ukutani, watu wakapiga makofi, mpiga picha akasogea. Matroni akampa mtu saa amshikie, akasimama katikati ya jukwaa na koti lake la damu ya mzee, akainua mikono yote miwili juu kuwapungia watu.

Halikupasuka kwa mlio. Liliachia tu. Lilianza chini ya kwapa la kulia, likapanda mgongoni, likavuka mpaka upande wa pili, polepole, kama ngozi ya maziwa inavyoachana ukiigusa na kijiko. Matroni alihisi baridi, akageuka kutazama nini, na kwa kugeuka akawaonyesha watu wote mgongo wake. Ndani alikuwa amevaa gauni la enzi za ujana lililogoma kufungwa zipu. Alikuwa amelishika nyuma kwa safu ya pini, nyama ikichungulia kati ya pini na pini, maana alilitegemea koti limsitiri.

 Msichana mmoja wa udobi akachekea kiganjani. Mwenzake akashindwa. Kicheko kikaenda meza hadi meza, kikafika kwa watu wa jikoni, na hao walicheka mpaka wakapiga meza. Hakikuwa kicheko cha jambo la kuchekesha. Kilikuwa cha watu waliojibana kwa miaka mingi.

"Mama Wembe!" Matroni aliita, akizunguka kama kuku anayetafuta mkia wake. "Njoo unishikie, mwanangu! Nishikie!"

Mama Wembe alipanda jukwaani bila haraka. Akashika ukingo wa koti, na badala ya kuufunika ule mgongo akaacha mkono mmoja wa koti uteleze wote chini.

"Matroni, unanijua?"

"Wewe si Mama Wembe? Nifunike!"

"Kabla ya hapo. Nilikuwa udobini hapa. Shali nyeupe."

Matroni alimtazama. Akakunja uso, akajaribu kwa kweli, jasho likimtoka kwenye nywele. "Shali ipi?"

"Uliyoiunguza wewe ukiwa kwenye simu. Ukanivisha mimi, ukanitembeza."

"Mwanangu," alisema Matroni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea njia, "mlikuwa wengi. Wewe ni yupi?"

Mama Wembe alidhani amejiandaa kwa kila jibu. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Kile kicheko cha siku ya chai, msichana mzembe aliyetembezwa, pengine hata hakikuwa juu yake. Kilikuwa juu ya mtu mwingine. Mwanamke huyu alikuwa amewavisha wangapi, mpaka hawezi kuwatofautisha? Chuki yake yote, ya kuosha vyombo na kupanga foleni, haikuwahi kuwa na mtu upande wa pili. Damu ikampanda. Akachukua kipaza sauti mezani.

"Basi nitakukumbusha," alisema.

Akasimulia. Hayakuwa yale maneno mazuri aliyoyatunga; yalitoka yamekwaruzana, mengine yamekosewa, lakini yalitoka. Alipofika kwenye simu, Matroni alikatiza, "Mwongo huyu!" Hapo fimbo ikagonga sakafu nyuma ya ukumbi.

"Si mwongo," alisema mpiga pasi mzee, amesimama kwa taabu. "Mimi nilikuwepo. Matroni alikuwa akizungumza na dada yake habari za harusi, pasi imelala. Huyu binti alikuja kuiondoa. Niliona na nikanyamaza, nikiogopea kazi."

"Na ile suti ya kijivu?" mwanamke mmoja akauliza kutoka meza ya jikoni, hacheki tena. "Ile nayo nani aliiunguza?"

Matroni akaketi. Meneja alitafuta kitu cha kutazama kwenye dari. Mtu mmoja, kwa huruma, alivuta kitambaa cha meza akamfunika mabega, na hivyo ndivyo alivyotoka: kitambaa cheupe mabegani, akipita kati ya meza, akipita mapokezi mbele ya wageni na vikombe vyao. Mama Wembe alimsindikiza kwa macho mpaka mlango ulipofungwa. Alingoja huruma imjie, maana alisikia kwamba huja. Haikuja. Ilimjia njaa. Akakaa, akala sahani nzima, akaongeza.

Mzee wa fimbo alijikokota mpaka mezani kwake. "Binti yangu, nisamehe."

"Ungeyasema hayo mama yangu akiwa hai, baba," alijibu, na hakusema zaidi. Mzee akaondoka bila kile alichokuja kutafuta.

Nyumbani kinyozi alimsikiliza kisa chote akipiga brashi mashine yake ya nywele.

"Umepoa?" aliuliza mwishoni.

"Nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Iko kwa mama. Na mama hasikii."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na mumewe akamshika bila kumwambia kwamba alimwonya.

Habari haikukaa hotelini. Siku zilizofuata wengine walikuja kumpa mkono, wengine walikuja kuchukua masweta yao kabla hayajaguswa. Hata waliobaki walibadilika. Wanasimama wakimwangalia akinyoa, wakikabidhiwa nguo wanaiinua dirishani kwanza, watazame mwanga. Mwalimu mmoja wa kike, mteja wa miaka, alimpa sweta lake huku akilishikilia bado.

"Mama Wembe, mimi sijawahi kukukosea, eti?"

"Bado," alijibu, wakacheka wote wawili, ila mwalimu hakuondoka mpaka kazi ilipokwisha. Mama Wembe hakulalamika. Kinyozi alimwambia ukweli kwamba ndivyo wembe unavyokwisha kazi, na yeye akakubali kwamba hasara hiyo ameinunua mwenyewe.

Halafu siku moja ya tope alikuwa akirudi kutoka sokoni, kikapu mkononi, akamwona Matroni anakuja upande ule ule wa barabara, amevaa koti la mvua la plastiki linalopiga kelele kila anapopiga hatua. Matroni aliinua uso. Akasimama. Macho yakamtoka, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akavuka barabara pale pale, katikati ya tope, viatu vikazama, akapita upande wa pili ameinamisha kichwa.

Mama Wembe alifika nyumbani amechangamka, akamsimulia mumewe hata kabla ya kutua kikapu. "Amenijua! Safari hii amenijua kwa mbali."

Kinyozi akatikisa kichwa. "Na ungerudishiwa siku zile nyuma, lile koti likiwa mezani, ungefanya tena?"

Alifikiri kidogo, akitoa vitunguu kimoja kimoja.

"Nisingefanya vile," alisema. "Ningeanzia kwenye kola."